Vumbi la Mbao na Maji Meusi ya Mama Kolea

Leseni ya karakana ya Mama Kolea ilisimamishwa Jumatano, tarehe 9 Februari 2022. Sababu iliyotajwa ilikuwa moja: maji yaliyotoka humo yalikuwa na rangi. Mwenyewe hakubisha. Angebishaje, na mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni kama mtu aliyevaa glavu?

Kazi yake ni kurudishia nguo rangi. Suruali ya mhudumu wa hoteli iliyopauka magotini, sare ya mlinzi iliyopigwa jua hadi ikafanana na panya, gauni la msiba lililokaa sandukuni likaota mabaka, zote huingia kwenye masufuria yake mawili makubwa, zikachemka pamoja na rangi na chumvi, zikatoka kama zilizonunuliwa jana. Nyeusi ndiyo inayomlisha. Watu huvumilia shati jeupe likiwa na umanjano, lakini suruali nyeusi iliyogeuka kijivu humwaibisha mtu mbele za watu.

Kazi hiyo alifundishwa na shangazi yake, mwanamke asiyesifu mtu, aliyekuwa akiipima rangi kwa kulamba ncha ya kitambaa. Jina alipewa na wateja. Kila anayeleta nguo huku moyo ukimdunda hujibiwa neno lilelile: "Itakolea." Wanawe wawili wana majina mengine kabisa, na walipokuwa wadogo walichoka kuulizwa Kolea ni yupi kati yao.

Karakana yenyewe ni chumba kimoja cha matofali chenye paa la bati, na nyuma yake uwanja wa kamba za kuanikia. Upande wa chini wa uwanja lipo shimo lililosakafiwa, ambamo maji ya masufuria humwagwa yapoe. Bomba huyatoa hapo na kuyaingiza kwenye mtaro wa mtaa. Mtaro hushuka nyuma ya nyumba za watu, hupenya chini ya barabara, na kabla haujafika kijitoni huambaa na bustani ya mboga. Mwenye bustani hiyo ni wifi yake, dada wa mumewe.

Wifi huyo alikuja siku ileile mlango ulipofungwa mkanda wa halmashauri. Alimkuta Mama Kolea uwanjani, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Wifi, nimekuja kukwambia mwenyewe kabla hujaambiwa na watu," alisema bila kukaa. "Ni mimi niliyekwenda ofisi ya maji."

"Najua."

"Nani kakwambia?"

"Nani mwingine hapa ana kabichi zinazokunywa suruali za watu?"

Wifi hakucheka, ingawa mdomo ulimcheza. "Nilikwambia mwaka juzi. Nikakwambia mwaka jana. Ukanijibu kama unavyowajibu wateja wako. Sasa mama mmoja ameosha kabichi zangu, maji kwenye beseni yamekuwa ya buluu. Hanunui tena, na mdomo wake hauna breki."

"Uliniambia. Sikatai."

"Sijaja kuomba radhi."

"Na mimi sijasema uombe. Kaa basi, mbona umesimama kama polisi?"

Wifi akavuta ndoo ya pili, akakaa. Kila mmoja akawa anaangalia kamba tupu. Mama Kolea alieleza baadaye kwamba kifua chake kilianza kulegea pale pale. Tangu asubuhi alikuwa akiwapitia majirani mmoja mmoja akilini, akimshuku huyu na kumwekea kinyongo yule. Sasa aliyemshitaki alikuwa mbele yake, anajipepea kwa kifuniko cha sufuria, na ni mtu ambaye angemwona tena kwenye kila arusi na kila mazishi ya ukoo. Kugombana naye kungekuwa kazi ya maisha, na Mama Kolea tayari alikuwa na kazi nyingine ya kuiokoa.

Masharti yalielezwa na afisa wa maji, binti mrefu wa viatu vya mpira, ambaye mtaa mzima ulimwita Chupa kwa sababu ya chupa za sampuli zilizokuwa zikigongana mkobani mwake kila alipopiga hatua. Maji yangepimwa mara moja tu zaidi. Yakifaulu, leseni inarudi. Yakishindwa, inafutwa, na Mama Kolea hataruhusiwa tena kuchemsha rangi kwenye mtaa wa makazi. Maji yaliyobaki shimoni angeweza kuyatumia kwa majaribio, mradi bomba la shimo lizibwe na tone lisifike mtaroni.

"Nijaribu nini, mwanangu?" aliuliza Mama Kolea. "Maji nimeshayatia rangi. Kuyatoa rangi sikufundishwa."

Chupa alifikiri, akaokota kibanio cha mbao kilichoanguka chini ya kamba. Kilikuwa cheusi tii, kwa miaka ya kubana nguo mbichi.

"Hiki ulikitia rangi?"

"Kimejitia chenyewe."

"Basi. Pamba inakunywa rangi kwa sababu ya nyuzi zake. Mti nao una nyuzi za jamii hiyohiyo, ila zimegandamana. Ukichukua vumbi la mbao, ukalijaza kwenye pipa, ukapitisha maji yako taratibu, rangi nyingi itabaki kwenye vumbi. Halafu mwishoni weka mkaa uliopondwa, unase ile iliyoponyoka. Viwandani nimeona ikifanyika. Kwenye karakana kama hii sijaona, sikudanganyi."

"Yaani nitie mbao rangi, ili maji yatoke hayana."

"Ndiyo hivyo."

"Kutia rangi naweza," alisema Mama Kolea.

Vumbi halikuwa la kutafuta mbali. Mdogo wa mumewe ni seremala, na karakana yake iko mtaa wa pili. Mume mwenyewe ni dereva wa lori, mara nyingi yuko safarini, hivyo shida za nyumba humwangukia shemeji. Naye, alipopata habari, alifunga kazi mapema. Jioni alitokea akisukuma mkokoteni wenye magunia yaliyoshonwa midomo kama ya nafaka.

"Shemeji, nimekuletea la heshima," alisema akifuta jasho. "Hakuna humu hata punje ya takataka. Mbao nyekundu tupu, ile ya milango. Nimelichekecha kwa mkono wangu."

Vumbi lilikuwa zuri kweli. Lilikuwa laini, lina wekundu wa matofali mapya, na lilinukia. Mama Kolea aliliingizia mkono kama anayepima unga, akamshukuru kwa maneno yote aliyokuwa nayo. Walipanga mapipa matatu juu ya ngazi ya matofali, moja juu ya jingine: mawili ya vumbi, la tatu la mkaa, kokoto chini ya kila moja ili vumbi lisizibe mabomba. Asubuhi alichota maji meusi shimoni, akamimina kwenye pipa la juu, akakaa kusubiri kama mwenye chungu cha maharage jikoni.

Yaliyoanza kudondoka chini ya pipa la pili hayakuwa meusi. Moyo ukamruka. Alikinga kwenye gilasi, akainua kwenye mwanga, na moyo ukarudi ulikotoka. Maji yalikuwa na rangi ya chai kali iliyosahauliwa mekoni. Mkaa wa pipa la tatu uliyapunguza makali, yakawa chai ya mgonjwa, lakini chai ni chai.

Hapa ndipo ujuzi wake ulipomponza. Kila fundi wa rangi anajua kwamba nyeusi haiko peke yake. Dondosha tone la rangi nyeusi juu ya kitambaa kilicholowa, uliache litambae. Pembeni itajitokeza buluu, kisha zambarau, kisha wekundu. Nyeusi ni rangi kadhaa zilizoshikana mikono. Mama Kolea alilijua hilo tangu enzi za shangazi, na alipoona maji mekundu hakuhitaji kumuuliza mtu. Vumbi limenasa buluu, alijiambia, limeacha nyekundu. Halijatosha. Linahitaji kuongezwa.

Akaongeza. Chai ikazidi makali. Akaongeza tena, akashindilia kwa mwiko, maji yakatoka kama ya kutu. Aliagiza gunia jingine, na shemeji akaleta mbio, amefurahi kuona zawadi yake inahitajika hivyo. Kadiri alivyoongeza ndivyo wekundu ulivyozidi, na kadiri ulivyozidi ndivyo alivyoamini kwamba tatizo ni rangi yake. Akaanza kufikiria kuachana na nyeusi kabisa. Akaanza pia kufikiria mambo ambayo mwanamke wa rika lake hufikiria kazi inapomponyoka: kwenda kuishi kwa mtoto, kuosha vyombo vya mkwe, kuulizwa kila asubuhi kama amelala vizuri.

Wifi alipita jioni moja, kama alivyozoea kufanya tangu siku ile ya ndoo. Alisema anakuja kukagua. Alikuta gilasi zimepangwa juu ya ukuta, zote nyekundu, na wifi yake ameshika tama.

"Umefungua mgahawa?"

"Usinichekeshe, wifi. Imenishinda. Weusi umeondoka, wekundu umegoma. Umo ndani ya rangi yenyewe."

Wifi aliinusa gilasi moja. Yeye rangi haijui. Anajua udongo, samadi na wadudu. "Maji ya bomba yakipita humo yanatokaje?"

"Ya bomba ya nini? Hayana rangi ya kutolewa."

"Ndiyo maana nauliza. Mimi nikiuziwa mbolea nisiyoijua, siipeleki kwenye mboga. Naimwagia maji matupu kwanza nione inatema nini."

Mama Kolea alitaka kumjibu kwamba mbolea na rangi ni vitu viwili. Badala yake alisimama, akachukua pipa la akiba, akalijaza vumbi jipya kutoka kwenye gunia, vumbi ambalo halijawahi kuonana na nguo ya mtu. Akafungulia maji ya bomba juu yake. Wakainama wote wawili, vichwa vikikaribia kugongana.

Yakatoka chai.

Kisha mabega ya wifi yakaanza kutikisika. "Kaka yangu," alisema akijifuta macho, "kaka yangu kakuletea majani ya chai kwa mkokoteni."

Mama Kolea alicheka hadi akajishikilia kwenye kamba. Alipomaliza alichota gilasi nyingine ya maji yaliyopita kwenye mapipa, akaitazama upya, bila kutafuta rangi yake. Ndani ya wekundu ule hapakuwa na buluu. Hapakuwa na zambarau wala kivuli cha weusi. Nyeusi yake yote ilikuwa imebaki kwenye vumbi, tangu siku ya kwanza, tangu gilasi ya kwanza. Kilichotoka ni utomvu wa mti. Mti ule mwekundu una rangi yake ya kuzaliwa nayo, na ukilowa huitoa.

"Kwa hiyo inafanya kazi," alisema wifi.

"Imefanya kazi muda wote. Mimi ndiye niliyekuwa nayatia rangi maji yaliyokwisha safishwa."

Usiku huo alilala usingizi ambao hakuwa ameuonja tangu mkanda ufungwe. Kulipokucha alikuwa na shida moja tu, nayo ilimtia woga kuliko halmashauri. Angemwambiaje shemeji yake kwamba zawadi aliyoichekecha kwa mkono ndiyo iliyoharibu?

Alikwenda kwake na kikapu cha mayai, jambo lililomtia seremala wasiwasi papo hapo. Alizima mashine, akavua kofia.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, shemeji. Nimekuja na neno. Usinikasirikie."

"Mayai nimeyaona. Sema."

Akasema. Alizunguka kidogo mwanzoni, akisifu ulaini wa vumbi na harufu yake, lakini mwisho akalitapika lote: mbao nyekundu inatoa rangi, na anachohitaji ni vumbi la ile nyeupe, laini, ya bei ya kutupa, inayopigiliwa makasha ya matunda.

Shemeji alijipangusa mikono. "Lile vumbi," alisema polepole, "limetoka kwenye mlango wa mbele wa daktari. Mlango ule mimi mwenyewe nikiupita naunyooshea shati."

"Ndiyo maana lina kiburi. Limekataa kufanya kazi za mtaroni."

"Na unataka la makasha."

"La makasha, shemeji."

Seremala akakaa juu ya benchi lake, na Mama Kolea akajiandaa kwa lolote. Lakini mtu huyo alikuwa anacheka kimyakimya, kofia ikiwa usoni. "Njoo uone," alisema. Akamtoa mlango wa nyuma. Huko, limeegemea ukuta, lilikuwapo rundo la vumbi jeupe refu kumshinda mwenye nyumba, limefunikwa turubai. "Siku ile nimesimama hapa nusu saa. Nikasema, mke wa kaka yangu yuko matatani, nimpelekee uchafu wa makasha? Watu watanionaje? Nikalifunika, nikaanza kuchekecha la daktari. Hili sijui hata nilitupe wapi. Chukua. Chukua lote, unipatie nafasi ya kupitisha mbao."

"Na mayai?"

"Mayai yanabaki."

Mama Kolea alirudi nyumbani na mkokoteni, mwepesi kama aliyetua mzigo wa kuni. Safari hii hakukimbilia mapipa. Fundi wa rangi hatii rangi pamba mpya kabla ya kuichemsha, maana pamba mpya ina mafuta na nta yake. Akaona mti nao si mgeni wa adabu nyingine. Alilichemsha vumbi jeupe kwenye masufuria yake, yaliyokuwa yamebaki uwanjani, akamwaga maji yake ya kimanjano, akalisuuza na kulisuuza hadi maji yalipotoka kama yalivyoingia. Kisha ndipo akajaza mapipa. Bomba la juu alilifungua robo tu, ili maji yapite yakijivuta na vumbi lipate muda wa kunywa. Chumvi iliyokuwamo kwenye maji aliiacha. Ndiyo inayoisukuma rangi kwenye nguo, na hapakuwa na sababu isiisukume kwenye mbao.

Chini ya pipa la pili maji yalitoka na ukungu hafifu, kama dirisha lililopuliziwa pumzi. Chini ya pipa la mkaa aliweka bakuli jeupe. Alilitazama hadi likajaa, akaona ufa mdogo ulioko kwenye kitako chake, na akajua kwamba ameuona kwa kupitia maji.

Hakumwita mtu. Alisimama tu pale akayaangalia.

Chupa alipokuja kuchukua sampuli hakutoa maoni, maana maoni si kazi yake. Alijaza chupa mbili, akazifunga, akazibandika lebo. Ila kabla ya kuondoka aliinama kwenye pipa la juu, akachota vumbi kwa kijiti. Lililoingia jeupe lilikuwa limekuwa jeusi kuliko suruali yoyote mle ndani.

"Limekolea," alisema Chupa, na mwenye jina akalazimika kugeuka pembeni asionekane anatabasamu.

Majibu yalichukua muda wake. Mume alipiga simu kutoka barabarani kila alipofika penye mtandao. "Vipi?" "Bado." "Haya." Mazungumzo hayakuzidi hapo, kwa sababu hakuna kati yao aliyetaka kulitaja lile jingine, la kushindwa. Shemeji alijifanya anapita njia, mara na rula sikioni, mara na msumari mdomoni. Wifi alihamishia kazi ya kufunga mafungu ya mboga uwanjani kwa Mama Kolea, akidai kwake kuna jua.

Walikuwa hapo wote watatu Chupa alipoingia kwa miguu. Alikuwa ameahidi kupiga simu. Kuja mwenyewe walikuchukulia vibaya. Binti alisimama mlangoni kwanza, akakwangua tope kwenye viatu vyake, upande mmoja, kisha wa pili.

"Mwanangu," alisema shemeji, "tope tutakukwangulia sisi. Sema."

"Yamefaulu," alisema Chupa. "Rangi iko chini ya kiwango, na vingine vyote vimekaa sawa. Nimekuja kwa sababu kuna masharti ya kuelezana."

Hakuna aliyepiga kelele. Shemeji alitoa msumari mdomoni, akautia mfukoni. Wifi aliendelea kufunga fungu lilelile alilokuwa amekwisha lifunga. Mama Kolea aliomba arudiwe, akarudiwa. Akaketi, akaomba maji ya kunywa, akayanywa yote bila kupumzika, na alipoishusha gilasi machozi yalikuwa yanamshuka bila sauti, naye hakuyafuta.

"Sasa mbona unalia?" aliuliza wifi, ambaye sauti yake mwenyewe haikuwa imara.

"Nani analia? Nimechoka tu. Sikujua nimechoka hivi."

"Mimi nitamwita yule mama wa beseni," alisema wifi. "Aoshe kabichi mbele yangu. Aoshe hata kumi."

Masharti hayakuwa mazito. Vumbi likishashiba rangi lisitupwe mtaroni, lisitiwe bustanini, na lisichomwe jikoni. Linakaa kwenye pipa lenye kifuniko hadi gari la taka za viwanda lipite kulichukua, pamoja na mkaa wake. Maji yatapimwa tena kila robo ya mwaka, na Chupa atakuja bila kutoa taarifa. Shemeji aliuliza kama vumbi lile linaweza kupoteza nguvu likikaa sana, akaambiwa ndiyo, na kwamba libadilishwe mara tu maji ya pipa la pili yanapoanza kuwa na kivuli. Akasema ana rundo la kutosha, na lisipotosha atapiga makasha mengine.

Mama Kolea alimpigia mumewe. "Vipi?" iliuliza sauti ya upande wa pili, katikati ya mngurumo wa injini. "Yamefaulu," alisema. Injini ilisikika ikipunguzwa, kisha ikazimwa kabisa, ikafuata pumzi ndefu ya mtu aliyeegesha lori kando ya barabara.

Mkanda utatolewa mlangoni Jumatatu. Nguo za kwanza kuingia sufuriani ni mapazia meusi ya ukumbi wa shule, na moto utawashwa saa moja asubuhi.